Sony 200-600mm: lenzi ya wanaokula vumbi

Niseme mapema: lenzi hii ya kuvuta vitu vya mbali (milimita zikizidi, inavuta mbali zaidi) nimeinunua kwa hela yangu, na ndiyo inayonilipia ada za watoto. Nauza picha za ndege na wanyama kwa lodge na kwa wachapaji wa kalenda, na kazi hiyo ikipungua nawatembeza wageni wanaokuja na kamera zao. Kwa hiyo nikiisifia au nikiiponda, mizani yangu ni moja tu: inarudisha hela?

Inarudisha. Ilipotoka mwaka 2019 bei yake Marekani ilikuwa dola 2,000 hivi. Dada yake, ile 600mm f/4 (f ni kipimo cha tundu la mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni pana) iliyotangazwa pamoja nayo, ilikaribia dola 13,000. Duma akisimama juu ya kichuguu jua likiwa limewaka, mnunuzi wa kalenda hakuulizi umempiga kwa lenzi gani.

Ninachoipendea zaidi ni inavyolikabili vumbi. Lenzi nyingi za zumu ukivuta zinatoa shingo nje kama kobe, na zikirudi ndani zinarudi na hewa ya huko nje. Hii hairefuki, vioo vinasogea humohumo ndani. Ukitoka lango la Naabi kwenda Seronera, huko Serengeti, wakati wa kiangazi, na gari la mbele limekumwagia wingu zima usoni, hapo ndipo utaiona thamani yake. Pia uzito wake hauhami. Nina mfuko wa jinzi alionishonea fundi cherehani, nimeujaza maharage, naulaza kwenye ukingo wa paa la gari. Lenzi ikishatulia juu yake, natoka 200 hadi 600 kwa kugeuza kiganja kidogo tu, na mdomo hauinami.

Ziwa Duluti, pale Tengeru, ndipo nilipoijua vizuri. Kuna yule mdiria mdogo, mgongo wa buluu na mdomo mwekundu, ndege mzima hazidi sentimita 13 hivi. Anatua kwenye tete, anachungulia maji, anachupa. Akirudi na kisamaki anakigonga kwenye tete, kushoto, kulia, kisha anakigeuza akimeze kuanzia kichwani. Tete linayumba, na mtumbwi nao unayumba. Naweka swichi ya kutuliza mtikisiko kwenye namba 3, kamera (natumia A7 IV) inang'ang'ania jicho la ndege, mimi nabonyeza tu. Lenzi inakubali kufokasi hadi mita 2.4, basi hata mpiga kasia akisogea mno, picha ipo.

Ila msituni inashindwa, na hapo sina la kuitetea. Ukifika 600 mwisho wake ni f/6.3, na f/4 inapitisha mwanga karibu mara mbili na nusu ya huo. Nenda Hifadhi ya Arusha, upande wa msitu, umtafute mbega: uso mweusi, manyoya meusi mgongoni, chini ya majani mazito, na manyoya meupe ya shavuni na ubavuni yanayoidanganya kamera. Utapandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 6400 na zaidi, na manyoya yatatoka kama uji. Kama riziki yako iko Usambara au Udzungwa, usinunue hii. Na wanaokushauri uongeze kiungo cha 1.4x (kipande cha kati ya lenzi na kamera kinachoongeza mvuto) upate 840mm, waambie basi utakuwa umeshuka hadi f/9. Mimi kiungo hicho nakiacha nyumbani.

Uzito nao upo. Lenzi na kamera vikiwa pamoja ni karibu kilo tatu, na kwa kuwa hairefuki, pia haifupiki: sentimita 32 hivi ndani ya begi, kila siku. Kwenye vindege vidogo vya kwenda Seronera, ambako kilo 15 ndiyo mwisho, nguo ndizo zinazobaki Arusha. Mguu wake wa kuishikiza hauingii moja kwa moja kwenye vichwa vya tripodi vya mtindo wa Arca, vile vinavyobana bamba kwa kingo zake, itabidi ununue bamba au mguu mwingine. Kwa lenzi ya bei hii, huo ni ubahili.

Wengi wanaoinunua wanalalamika baada ya wiki kwamba haitoi picha kali. Mara nyingi ukiwauliza walipiga saa ngapi, wanakwambia saa sita mchana, simba yuko mbali uwandani. Ardhi ikishapata joto, kuanzia saa nne hivi, hewa inatetemeka, na hakuna lenzi ya kuituliza, hata ile ya dola 13,000. Sogea karibu kwa barabara iliyopo, au subiri saa kumi na moja jioni.

Ukinunua iliyotumika, imulike tochi kutoka nyuma uangalie ukungu kwenye vioo, hasa kama imekaa pwani. Jaribu swichi zote. Na kama ina filta ya 95mm mbele, omba ibaki humohumo kwenye bei, maana filta za ukubwa huo si rahisi.