TAHADHARI: Kofia za chuma za "Mjerumani wa Salaita" zinazouzwa hapa Mombasa

Wapenzi wa vitu vya kale, chungeni pesa zenu. Kuna kijana anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza kofia za chuma za kijeshi. Anasema ni za Wajerumani wa Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba marehemu babu yake, askari wa KAR (jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku), aliziokota Salaita, kilima kilichopo kule Taveta. Bei Sh35,000, nusu uitume kwa M-Pesa kabla hujaiona. Makabidhiano ni karibu na Fort Jesus, magharibi ikiingia, kofia imo ndani ya gunia na yeye ana haraka ya kwenda zake.

Hadithi yenyewe haisimami. Salaita walipigana tarehe 12 Februari 1916. Wakati huo kofia ya chuma ya Kijerumani ndiyo kwanza inaanza kugawiwa wanajeshi kule Verdun, Ufaransa, na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, lilikuwa limezibiwa bahari na Waingereza. Ukimbana hapo, atakwambia zililetwa na meli. Meli ya mwisho iliyopenya, Marie, ilifika Sudi, pwani ya kusini ya Tanzania ya leo, mwezi Machi 1916, Salaita imeshaachwa.

Tuseme basi historia huijui. Igeuze kofia utazame bitana.

Moja niliishika mwenyewe, kwa jirani aliyekuwa keshalipa. Ndani mna ngozi iliyokatwa ndimi nane, ncha zake zimekusanywa kwa kamba, na yote imeshikwa na mkanda wa bati. Muundo huo ni wa mwaka 1931. Bitana ya 1916 ilikuwa na pedi tatu za ngozi, na nyuma ya pedi kuna vifuko vya vijimto vilivyojazwa singa za farasi. Ni kweli kwamba baadaye Wajerumani walizitia bitana za 1931 baadhi ya kofia za vita vya kwanza, lakini hizo zilikuwa kwao Ujerumani, si ardhini Taveta.

Ngozi yenyewe ilikuwa rangi moja kila mahali, kama iliyochovywa kwenye sufuria ya kahawa. Nikainusa: kahawa kweli, na kiwi ya viatu juu yake. Ngozi iliyovaliwa haizeeki hivyo. Penye paji la uso huwa nyeusi kwa jasho na ngumu, kingo za ndimi zimelika, na ukiinua ulimi ukatazama chini yake unakuta pamebaki peupe kidogo. Hii hata upande wa chini ilikuwa hudhurungi ileile. Spliti-pini tatu (vipini vya miguu miwili inayokunjwa kwa ndani) zinazoshika bitana zilikuwa na kutu kichwani, lakini miguu yake kwa ndani inang'aa, na rangi pale miguu ilipokunjwa imechubuka juzijuzi tu.

Tazama pia namba. Bitana za 1931 hupigwa chapa ya saizi mbili, ya kofia na ya kichwa, mfano 64 kwa 57. Kofia nayo ina namba yake imegongwa kwa ndani. Ya jirani, chuma kinasema 66, bitana inasema 64, yaani haziendani. Mkipata ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti bandia, imulikeni kwenye uzi gizani. Uzi wa pamba wa zamani haung'ai. Wa siku hizi mara nyingi huwaka buluu. Ila kama kuna mtu aliifua kwa sabuni ya unga, hata uzi wa kale unaweza kuwaka, kwa hiyo msihukumu kwa tochi peke yake.

Bitana mpya si haramu. Zinatengenezwa na kuuzwa wazi kwa wanaokarabati kofia na wanaoigiza vita. Wizi ni kuitia kahawa na kuiita ya babu.

Akikutumia tangazo, usimtumie hata shilingi. Mwombe picha mbili: chapa ya ngozi na namba ya chuma, kwa karibu, mchana. Mimi nilimwomba. Akanijibu, "Pole kaka, mzigo ushachukuliwa." Jioni ileile tangazo likarudi kwenye grupu jingine, picha zilezile, bei imepanda hadi Sh40,000.