Glavu za jeli za kuzuia mtetemo: kabla fundi wa grenda hajatoa pesa

Glavu hizi huuzwa Mombasa kama dawa ya ganzi ya vidole kwa mafundi wa grenda. Dawa sizo.

Ukiwa dukani, ibane glavu kati ya kidole gumba na cha shahada. Kiganjani utahisi mto wa jeli. Sogea mpaka kwenye vidole: nyingi hapo ni kitambaa kitupu. Na mishipa midogo ya damu inayoharibika ni ya vidole hasa. Mtetemo huumiza ukuta wa ndani wa mishipa pamoja na neva zake. Baridi ikija, mishipa hukaza, damu hukatika, ncha za vidole zinapauka na kufa ganzi. Kipimo cha kimataifa cha glavu hizi, ISO 10819 cha 2013, kinataka unene wa vidoleni usipungue asilimia 55 ya ule wa kiganjani. Isiyo hivyo iache.

Hata iliyofaulu ina mipaka. Kwa mitetemo 25 hadi 200 kwa sekunde inaruhusiwa kupitisha hadi asilimia 90 ya mtetemo. Grenda ya inchi 9 huzunguka takriban mara 6,600 kwa dakika, yaani 110 kwa sekunde. Ndogo ya 11,000 ni kama 183. Zote zimo humo! Mashine ya kuvunjia zege hupiga kama mara 20 kwa sekunde, chini kabisa ya kinachopimwa. Kwa kazi hiyo usinunue. Tena glavu nene humfanya mtu akabe mshikio kwa nguvu zaidi, na mtetemo ukazidi kupanda mkononi.

Tunachozisifia ni kukinga cheche na mikwaruzo, na kuweka mikono joto.

Pesa iende kwanza kwenye beringi zilizolegea, mshikio wa pembeni na diski isiyopinda wala kulika upande mmoja. Futa uchafu kwenye flanji (kisahani kinachobana diski) kabla ya kufunga diski. Halafu saa: kwa grenda yenye mtetemo wa 7 m/s² (kipimo cha nguvu ya mtetemo), kiwango cha Ulaya cha kuchukua hatua (2.5 kwa wastani wa siku ya saa nane) hufikiwa kwa saa moja hivi ya diski kuzunguka, na kikomo (5) kwa saa nne. Pokezaneni.

Joto la Pwani huficha weupe wa vidole. Huonekana alfajiri kwenye upepo wa bodaboda au ukishika barafu ya samaki. Ganzi na kuwashwa usiku hutangulia mara nyingi. Vikianza, punguza grenda, acha sigara kwa kuwa hukaza mishipa, na umwambie daktari kazi unayofanya, maana asipojua atatibu baridi yabisi.