PIP kwa mwenye ugonjwa wa mapafu anayefanya kazi: tathmini ya mwombaji

Kwa miaka minne nilikuwa na haki ya kuomba malipo ya ulemavu hapa Uingereza na sikuomba, kwa sababu kila niliyemuuliza miongoni mwa Waswahili wenzangu wa Northampton aliniambia kwamba mtu anayekwenda kazini hapewi. Maneno hayo si kweli. Malipo yanayoitwa Personal Independence Payment, ambayo wote tunayaita PIP, hayaangalii kama una kazi au huna, hayaulizi mshahara wala akiba, na hayakatwi kodi. Kinachopimwa ni jinsi ugonjwa unavyokuzuia kufanya mambo ya kila siku: kupika, kula, kuoga, kuvaa, kufuata matibabu, kutembea na mengine ya namna hiyo. Nimeipitia huduma hii tangu simu ya kwanza hadi uamuzi wa pili, na ninaiandikia tathmini kwa ajili ya wenzangu wenye vifua vibovu wanaoamka alfajiri kwenda kazini wakiamini kwamba hawahesabiwi.

Ugonjwa wangu ni bronkiektasia. Nikiwa na umri wa miaka 19 niliugua kifua kikuu huko Tanga, nikameza dawa kwa miezi minane nikapona, lakini mirija ya hewa ya pafu la kulia ilibaki imetanuka na kulegea, kwa hiyo makohozi hayapandi yenyewe. Yanatuama, na yakituama yanaingia vijidudu. Kila asubuhi na kila jioni ninalala ubavu nikiwa nimeweka mto chini ya nyonga, na mume wangu ananigonga mgongoni kwa kiganja alichokikunja kama kata, akianzia kwenye mbavu za chini na kupanda polepole, mpaka kifua kifunguke nianze kutema. Zoezi hilo huchukua dakika 20. Baada ya hapo ndipo ninapooga, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, kwa sababu mvuke wa maji ya moto na kuinua mikono kuosha nywele hunikata pumzi. Jikoni nimeweka kigoda kirefu kando ya jiko, maana siwezi kusimama na kukoroga ugali mpaka uive bila kushika ukuta. Kazini, katika ghala lililo nje ya mji, nilitolewa kwenye upakiaji nikapewa meza ya bidhaa zinazorudishwa na wateja, saa 24 kwa wiki, kazi ya kukaa.

Nieleze kwanza namna malipo yenyewe yalivyopangwa. Yana sehemu mbili, moja ya maisha ya kila siku na nyingine ya kutembea, na kila sehemu huhesabiwa kwa alama. Ukipata alama 8 unalipwa kiwango cha kawaida, ukifikisha 12 unalipwa kiwango cha juu. Tangu Aprili 2025 kiwango cha kawaida cha maisha ya kila siku kilikuwa pauni 73.90 kwa wiki na cha juu pauni 110.40, cha kutembea kilikuwa pauni 29.20 na 77.05. Fedha huingia kila baada ya wiki nne. Ni lazima uwe umepata shida hizo kwa miezi mitatu na zitarajiwe kuendelea kwa miezi tisa mingine, na uwe hujafikia umri wa pensheni ya serikali wakati unapoomba.

Simu ya kuanzisha maombi ni 0800 917 2222, haina malipo, na hapo nina sifa tupu. Niliomba mkalimani wa Kiswahili mwanzoni kabisa, nikasubiri kidogo, akaunganishwa. Maswali ya siku hiyo ni mepesi: jina, anwani, benki, daktari, ukazi. Jambo la kukumbuka ni kwamba maombi huhesabiwa kuanzia siku ya simu, kwa hiyo anayesema atapiga mwezi ujao anapoteza fedha za mwezi mzima. Fomu huja kwa posta na una mwezi mmoja wa kuirudisha.

Fomu ndiyo sehemu ngumu, na nitakaa hapo.

Inauliza kwa lugha inayoonekana nyepesi kama unapata shida kuandaa chakula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni. Mtu aliyelelewa kwetu, ambako mgonjwa akiulizwa hali hujibu kwamba hajambo hata kama hajalala usiku kucha, husoma swali hilo na kujibu moyoni: kupika naweza, kuoga naweza, namshukuru Mungu. Kisha anaandika hivyo hivyo. Lakini sheria haiulizi kama unaweza mara moja. Inataka mambo manne yatimie kwa pamoja: uweze kufanya jambo hilo kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kila inapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule anaoutumia mtu asiye na ugonjwa. Moja likikosekana, kwa mujibu wa sheria, jambo hilo huwezi. Na shida yako huhesabiwa ikiwa siku inazokupata ni zaidi ya nusu ya siku zote, maana wanajua maradhi kama yetu yana siku nzuri na siku mbaya.

Kwa mwenye ugonjwa wa mapafu, masharti mawili ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mimi ninaweza kupanda ngazi za nyumba yangu. Ninachoshindwa ni kushuka na kupanda tena kabla nusu saa haijapita. Ninaweza kuvaa, lakini asubuhi ya Januari, nikiwa na soksi na fulana mbili na koti, ninapumzika mara tatu ukingoni mwa kitanda. Usiandike kwamba unaweza au huwezi ukaishia hapo. Andika unaanzaje, unasimama wapi, dakika ngapi zinapita, nini kinatokea baadaye, na nani yuko karibu. Niliazima saa ya jikoni nikapima kila kitu kwa wiki mbili, na sikuwahi kujua kwamba kuoga na kuvaa hunichukua dakika 55 mpaka nilipoona namba hiyo kwenye daftari langu.

Neno lenyewe la ulemavu huwazuia wengi wetu. Tunamfikiria mtu wa kiti cha magurudumu au mkongojo, na mgonjwa wa kifua anaona kama anadhulumu akijiita hivyo. Niliona aibu hiyo kwa muda mrefu. Ninayemjua mwenye pumu kali aliniambia hataki kuandikwa mlemavu wakati ana mikono na miguu yote. Nilimjibu kwamba fomu haihesabu viungo, inahesabu pumzi.

Baada ya fomu kulifuata mahojiano kwa simu na mtaalamu wa afya. Alikuwa mpole na hakunikimbiza. Swali lake la kwanza lilikuwa habari za leo, na mimi nikajibu, bila hata kufikiri, kwamba ni nzuri kabisa. Nilipopata nakala ya ripoti, ambayo kila mwombaji ana haki ya kuiomba na ninamsihi kila mmoja aiombe, niliona imeandikwa kwamba nilieleza kuwa ninajisikia vizuri siku hiyo. Sikumlaumu, ndivyo nilivyosema. Salamu yetu ni adabu, ila ikitafsiriwa kwa Kiingereza ndani ya ripoti ya afya inageuka kuwa ushahidi. Siku hizi ninawaambia wenzangu wajibu hivi: asante kwa kuniuliza, leo nimeamka nikiwa na kifua kizito, nimekohoa tangu saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo adabu hiyo hiyo, na ni kweli.

Mkalimani wa siku hiyo alikuwa mwingine, mwenye Kiswahili cha bara, mwangalifu na mwenye heshima. Nikasema nikitembea kutoka kituo cha basi mpaka getini ninatweta. Akatafsiri kwamba ninachoka. Kiingereza changu kinatosha kuligundua hilo, nikaomba turudi nyuma, na akalisahihisha bila kinyongo. Tofauti ni kubwa: kuchoka humpata kila anayefanya kazi, kutweta ni dalili ya mapafu. Mtu asiyejua Kiingereza angepitwa na jambo hilo. Ni vizuri kukubaliana na mkalimani mapema juu ya maneno kama kutweta, kukosa pumzi, kubanwa kifua na makohozi, na kumwambia asisite kuuliza.

Kuhusu kazi, ni kweli kwamba kuwa nayo hakukunyimi PIP, lakini unachokifanya kazini kinaweza kutumika kama kielelezo cha unachokiweza. Niliulizwa ninainua nini, ninasimama kwa muda gani, ninafikaje. Ukijibu kwa kifupi kwamba unafanya kazi ghalani, anayesikiliza ataona mtu anayebeba mizigo siku nzima. Nilieleza meza, kiti, mapumziko ya ziada niliyoruhusiwa, na siku nilizokosa kazi kwa sababu ya maambukizi ya kifua, na nikaambatanisha barua ya msimamizi wangu inayoeleza mabadiliko hayo. Hiyo ndiyo karatasi ninayoona mwombaji mwenye kazi asiende bila nayo.

Uamuzi wa kwanza ulinipa alama 6 kwa maisha ya kila siku. Mbili za kupika kwa sababu ya kigoda, mbili za kuoga kwa sababu ya kiti, na mbili za matibabu. Zikawa pungufu kwa mbili, kwa hiyo sikulipwa chochote. Nililia siku hiyo. Kesho yake nilisoma barua tena pamoja na nakala ya fomu yangu, na nikaona kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeandika kwamba mume wangu ananigonga mgongo kwa dakika 20 kila siku, nikasahau kuandika kwamba ni asubuhi na jioni. Sheria huhesabu msaada wa matibabu kwa saa za wiki. Ukisaidiwa kwa saa zisizozidi tatu na nusu unapata alama 2. Zikizidi hapo mpaka saa saba unapata alama 4. Dakika 20 kwa siku ni saa mbili na dakika 20 kwa wiki. Dakika 40 ni saa nne na dakika 40.

Una mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi kuomba uangaliwe upya, na hatua hiyo haina gharama. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikaweka nakala ya daftari la wiki mbili na barua ya mtaalamu wa fiziotherapia aliyetufundisha zoezi hilo, kwa kuwa matibabu ya nyumbani huhesabiwa yakiwa yameelekezwa na daktari, muuguzi, mfamasia au mtaalamu wa afya aliyesajiliwa. Alama za matibabu zikawa 4, jumla ikawa 8, na nikalipwa tangu mwanzo wa maombi. Kama wangekataa tena, kulikuwa na baraza la rufaa, ambalo nalo halitozi ada. Sehemu ya kutembea nilipata alama 4, kwa kuwa ninaweza kwenda zaidi ya meta 50 lakini si zaidi ya 200. Hazilipi kitu, na naona ni haki.

Kwa hiyo ninaipa huduma hii sifa kwa simu yake, kwa wakalimani wake wa bure na kwa kuwa na mlango wa kusahihisha. Ninaikosoa kwa fomu. Masharti yale manne yanastahili kuandikwa juu ya kila swali kwa herufi kubwa, kwa kuwa anayeyajua na asiyeyajua hawajibu fomu moja, hata kama wana mapafu yanayofanana. Nilisaidiwa na mshauri wa Citizens Advice, shirika linalotoa ushauri bure, kwenye barua ya kuomba uamuzi uangaliwe upya. Ningemwona kabla ya fomu ya kwanza ningeokoa miezi.

Mambo mawili ya tahadhari kabla hujapiga simu. PIP ni fedha za umma, na mwenye viza iliyoandikwa kwamba haruhusiwi fedha za umma, wakiwemo wengi waliokuja kwa viza ya kazi za uangalizi wa wazee, asiombe kabla ya kuzungumza na mshauri wa uhamiaji, kwani maombi yenyewe yanaweza kuharibu hadhi yake. Na kwa kawaida utatakiwa uwe umeishi nchini angalau miaka miwili kati ya mitatu iliyopita, ingawa wakimbizi waliokubaliwa hawabanwi na sharti hilo. Walioko Scotland wana malipo yao yaitwayo Adult Disability Payment, yanayoombwa kwa serikali ya huko. Mwenye kazi anaweza pia kuomba Access to Work, mpango tofauti unaolipia vifaa na usafiri wa kazini.

Malipo yangu yana ukomo wa miaka mitatu, kisha nitatumiwa fomu ya kuangalia hali upya. Daftari bado liko kando ya kitanda, na anayeandika saa, asubuhi na jioni, ni mume wangu.