Fundi umeme aliyeniwashia taa ya korido, Tabata

Taa ya korido yetu ilizima Jumanne usiku. Naishi na mama yangu, ana miaka 74, na korido hiyo ndiyo njia yake ya kwenda msalani. Kwa siku tatu alikuwa akipapasa ukuta gizani, na mimi nikilala mlango wazi nisikilizie hatua zake. Mwenye mzazi nyumbani ataelewa kwa nini naandika kwa kirefu kuhusu taa moja.

Mita ya LUKU ilikuwa na uniti na vyumba vingine vyote vilikuwa vinawaka. Globu ya korido nikaihamishia chumbani, ikawaka vizuri. Ya chumbani nikaileta koridoni, kimya. Kwa hiyo globu niliiondoa kwenye mashaka mapema, nikaita fundi.

Fundi wa kwanza alipanda kwenye stuli, akachomeka testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwenye holda, upande mmoja ukawaka. "Moto upo dada, holda imekufa." Nikanunua holda mpya kwa 3,000, akafunga, taa haikuwaka. Akasema basi waya zimechoka, inabidi kuvuta upya kuanzia kwenye swichi, niandae 180,000 pamoja na vifaa. Darini hakupanda, swichi hakuifungua. Nikamlipa hela ya kuja, akaondoka.

Huyu wa pili, ambaye ndiye namsifia hapa, nilielekezwa na muuza duka la vifaa vya umeme. Tulipatana saa nane mchana, akafika saa kumi na nusu bila hata kupiga simu. Hilo limeniudhi na nilimwambia. Lakini alipoingia alimwamkia mama, kisha akamuuliza: taa ilizima ghafla, au ilianza kuchezacheza? Mama akamjibu kwamba ilicheza wiki nzima, inafifia, inarudi. Mimi mchana sipo nyumbani, sikulijua hilo, na fundi wa kwanza hakuuliza mtu. "Bibi umenirahisishia kazi," akasema, "kuna waya imelegea mahali."

Akafungua kifuniko cha rozi, kile kiboksi cha duara waya za taa zinapoungana, pale kwenye silingi bodi, akaniita niangalie. Swichi imewashwa, globu ikiwa kwenye holda: testa ikawaka pande zote mbili. Akatoa globu: ikawaka upande mmoja tu. Akanieleza taratibu. Moto unatoka kwenye swichi, unapita ndani ya globu, unatokea upande wa pili, halafu unakwama kwa sababu nyutro, yaani waya ya kuurudisha, imekatika na moto hauna pa kurudi. Testa inaonyesha moto kila mahali, na globu haiwaki. Ndiyo maana testa peke yake ilimpoteza mwenzake. Kuona moto kwenye holda kunakupa nusu ya jibu, ile njia ya kurudi nayo lazima ipimwe.

Akazima meni swichi, akapima tena kuhakikisha hakuna moto, ndipo akapanda darini na tochi. Kama dakika ishirini nilisikia tu mbao zikilia. Aliposhuka alinipa mkononi kipande alichokikata: nyutro mbili zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu, kazi ya aliyefanya wayaringi wakati nyumba inajengwa. Tepu ilikuwa imekauka, ukiigusa inameguka. Shaba ndani imekuwa nyeusi kwa kuungua. Nilipovuta kidogo, ncha moja ikachomoka yenyewe. Taa ya korido ndiyo ya mwisho kwenye laini ile, kwa hiyo ilizima peke yake.

Alikwangua waya hadi shaba ikang'aa, akafunga konekta ya skrubu na kuiweka ndani ya kiboksi. Na bila kuombwa akakagua viungio vingine vya juu, akakuta viwili vya aina ileile, navyo akavibadilisha. Gharama yote, kazi na vifaa: 28,000.

Niliomba kuona leseni yake, akatoa ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, bila kununa. Tafadhali ombeni, hasa kama mtu anapanda darini kwenu kugusa waya ambazo ninyi hamzioni.

Nampa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa kuchelewa, na pia vumbi la darini lilimwagika korido nzima akaniachia nifagie mwenyewe. Risiti hakuwa nayo, aliniandikia kwenye karatasi na kusaini. Namba yake siiweki hapa kwa kuwa sijamwomba ruhusa.

Jumamosi anakuja tena, soketi ya jikoni inapata joto nikiwasha birika, na safari hii nimemwambia afike asubuhi.