Lemosho kwa siku nane: unacholipia ni siku ya Karanga

Kati ya njia za kupanda Kilimanjaro, Lemosho ndiyo inayosifiwa kwa maneno matamu zaidi: msitu wenye mbega, nyanda za Shira zilizo wazi, jua linalozama upande wa Meru. Sifa hizo ni za kweli, ila hazitoshi kumfanya mtu alipe siku nane. Kinachostahili fedha ni ratiba. Kwa siku nane, mpandaji hulala mara tano juu ya mita 3,000 kabla ya kuelekea kileleni. Kwa njia ya Marangu ya siku tano hulala mara mbili tu, kambi za Horombo na Kibo, na pale Kibo ni nusu usiku. Mwili hauzoei hewa nyepesi kwa ushujaa wala kwa mazoezi ya gym. Unazoea kwa kulala juu.

Tathmini hii inahusu safari yenyewe kama inavyouzwa na kampuni nyingi za Moshi na Arusha: mahema, mpishi, waongozaji na wapagazi, kutoka lango la Londorosi hadi lango la Mweka. Kambi ni Mti Mkubwa (takriban mita 2,650), Shira 1 (3,500), Shira 2 (3,850), Barranco (3,900), Karanga (4,000), Barafu (4,640), kisha kilele cha Uhuru, mita 5,895, na kushuka siku hiyohiyo hadi Mweka (3,100).

Tuanze na bei, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huumizwa. Kwa mgeni asiye mkazi wa Afrika Mashariki, ada ya hifadhi imekuwa dola 70 kwa siku, kambi dola 50 kwa usiku na uokoaji dola 20 kwa safari, zote zikiongezwa VAT ya asilimia 18. Piga hesabu: siku nane ni 560, usiku saba ni 350, jumla na uokoaji 930, na baada ya kodi ni karibu dola 1,100. Hiyo yote inaingia serikalini kabla hata yai halijanunuliwa. Kampuni inayotangaza siku nane kwa dola 1,500 imebaki na dola 400 za usafiri, chakula, gesi, mahema na mishahara ya watu wasiopungua watatu au wanne kwa kila mgeni. Haiwezekani bila kumkata mtu, na anayekatwa ni mpagazi. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hubadilisha viwango, kwa hiyo tazama tangazo la mwaka wako kisha urudie hesabu hiyo kwa kila bei unayopewa.

Muulize muuzaji kama kampuni yake ni mshirika wa KPAP, mradi unaofuatilia ustawi wa wapagazi wa Kilimanjaro, na mpagazi anakula mara ngapi kwa siku. Mzigo wa kampuni anaoubeba haupaswi kuzidi kilo 20, na hupimwa Londorosi. Kwa sababu hiyo begi lako limewekewa kikomo, mara nyingi kilo 15 pamoja na mfuko wa kulalia. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mlimani, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Panga nguo kwenye mifuko ya kitambaa isiyopitisha maji.

Siku tatu za kwanza ni nzuri na hazina mengi ya kueleza. Lililo muhimu ni kwamba nyanda za Shira zinafikiwa na barabara ya gari, kwa hiyo atakayezidiwa huko anaweza kuteremshwa haraka. Baada ya Shira 2 nafuu hiyo inakwisha. Mwongozaji makini hufanya uamuzi mgumu kuhusu mgonjwa akiwa bado Shira, hangoji mpaka afike Barranco.

Siku ya nne mnapanda hadi Lava Tower, mnara wa mwamba ulio takriban mita 4,600, mnakula chakula cha mchana, kisha mnashuka kulala Barranco. Hapa wengi huumwa kichwa kwa mara ya kwanza, na wengine hutapika. Si dalili ya kushindwa, ilimradi kichwa kipone mkishashuka. Kisipopona kufikia usiku, ni habari nyingine. Hapa pia ndipo watu wa njia ya Machame wanapojiunga nanyi, na utulivu mliouahidiwa kwenye matangazo unakwisha.

Ukuta wa Barranco, wenye kimo cha mita zaidi ya 250, unatisha kwa macho kuliko kwa miguu. Hauhitaji kamba. Unahitaji mikono mitupu, kwa hiyo fimbo zifungwe begini kabla ya kuanza. Tatizo lake ni foleni: ondokeni mapema alfajiri, au ngojeni msafara mkubwa upite. Kwa kuwa siku hiyo mnaishia Karanga, umbali wa saa nne au tano tu, kungoja hakuwagharimu kitu. Mpagazi akipita, simama upande wa mwamba, usisimame upande wa korongo.

Sasa Karanga. Ndiyo siku inayokatwa kwanza kampuni inapotaka kupunguza bei, kwa maelezo kwamba “ni kambi ya kupumzika tu”. Bila Karanga, unatoka Barranco asubuhi, unapanda ukuta, unashuka bonde la Karanga, unapanda tena, unafika Barafu jioni baada ya takriban saa nane za kutembea. Unakula bila hamu, unalala saa tatu au nne kwenye mita 4,640, kisha unaamshwa saa tano usiku kwenda kileleni. Ukilala Karanga, unafika Barafu kabla ya chakula cha mchana, una alasiri nzima ya kunywa, kula na kulala. Wapandaji wawili wenye afya sawa watafika Stella Point, ukingoni mwa kreta chini kidogo ya Uhuru, wakiwa na hali tofauti kabisa kwa sababu ya alasiri hiyo moja. Ukipewa ratiba ya Lemosho isiyo na usiku wa Karanga, usiinunue.

Karanga ina jambo jingine ambalo brosha haziandiki: ni chanzo cha mwisho cha maji. Barafu hakuna kijito. Kila lita ya chai, supu na maji ya chupa zenu imebebwa mgongoni kutoka bonde la Karanga. Kampuni yenye wapagazi wachache huleta maji machache, nanyi mtapewa lita moja ya usiku wa kilele mahali panapohitajika mbili hadi tatu. Uliza mapema: wapagazi wangapi watarudi kuchota, na kila mgeni atapewa lita ngapi Barafu? Jibu la haraka lenye namba ni dalili njema. Kwa kimo kile maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 85 tu. Yanaua vijidudu bila shida, lakini maharage hayaivi. Mpishi anayejua kazi hupanga tambi, viazi na supu kwa usiku huo, na nyama anaimaliza siku za mwanzo.

Upimaji wa afya ndio unaotenganisha huduma nzuri na duni. Oksimita, kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu, ipachikwe asubuhi na jioni, kidole kikiwa na joto na bila rangi ya kucha, na namba isomwe baada ya kutulia. Baridi peke yake huweza kuangusha kipimo. Barafu, asilimia 75 hadi 85 ni ya kawaida kwa wengi. Ila namba peke yake haiamui. Mwongozaji mzuri huuliza umekula nini, umekojoa mara ngapi, umelalaje, na humtembeza mwenye mashaka kwenye mstari, kisigino mbele ya vidole. Anayeyumba huenda ubongo wake umeanza kuvimba. Anayehema akiwa amekaa kimya, au kukohoa povu, huenda mapafu yake yameingia maji. Wote wawili wanashuka saa ileile, hata kama ni usiku. Oksijeni na dawa ni za kumsaidia ashuke, si za kumwezesha kuendelea. Ukiona kampuni inatangaza mitungi ya oksijeni kama msaada wa kufika kileleni, iache. Wanaotumia asetazolamidi kujikinga na ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida hupewa miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Daktari aamue hilo, hasa kwa mwenye mzio wa dawa za salfa. Vidole kuchonyota na kukojoa sana ni athari zake za kawaida.

Usiku wa kilele una desturi moja tunayoipinga: kila mtu kuondoka saa sita kamili. Anayetembea taratibu aanze saa tano. Kundi lenye kasi lingoje hadi saa saba, maana likifika Uhuru gizani litaganda kwenye upepo bila kuona kitu. Joto hushuka hadi nyuzi kumi au hata ishirini chini ya sifuri. Kosa la kwanza ni kuvaa kila kitu hemani: saa ya kwanza unatoka jasho, saa ya tatu jasho limekuwa barafu. Anza ukihisi ubaridi kidogo, uongeze nguo njiani. Kosa la pili ni soksi tatu ndani ya buti linalobana, maana damu haipiti na vidole hufa ganzi. Mrija wa mfuko wa maji wa mgongoni huganda, hata ule wa bei kubwa. Beba chupa ya mdomo mpana, uiweke kichwa chini ndani ya soksi nene, ili barafu ianzie kitakoni. Simu na betri za akiba zikae karibu na mwili. Kambi ya Barafu iko juu ya mgongo mwembamba wa mawe, kwa hiyo usitoke hemani usiku bila taa ya kichwani, hata kwa hatua kumi za kwenda chooni.

Udhaifu mkubwa wa safari hii ni mteremko. Baada ya saa sita au saba za kupanda, mnashuka kutoka 5,895 hadi 3,100 siku hiyohiyo: karibu mita 2,800 za magoti. Kucha za miguu zikatwe siku chache kabla ya safari, buti likazwe kifundoni kabla ya kuteremka ili vidole visigonge mbele. Kampuni kadhaa hukubali kulaza wageni Millennium, takriban mita 3,800, badala ya Mweka. Tunapendekeza hivyo kwa mwenye magoti mabovu, mradi hana dalili za ugonjwa wa mwinuko. Mwenye dalili aende chini kabisa. Siku ya mwisho itakuwa ndefu zaidi, na njia ya msitu wa Mweka huteleza sana ikilowa, kwa hiyo usiweke fimbo begini.

Msimu wa kuchagua ni Januari hadi katikati ya Machi, au Juni hadi Oktoba. Masika hupunguza bei, ila mahema hayakauki na Ukuta wa Barranco hutiririka maji. Bima isome kwa makini: iseme wazi kwamba inagharamia hadi mita 6,000 na helikopta, kwa sababu bima nyingi za kawaida huishia chini ya hapo.

Bakshishi haimo kwenye bei, na ni sehemu halisi ya gharama. Kiwango kilichozoeleka, kinachochangwa na kundi zima la wageni, ni dola 20 hadi 25 kwa siku kwa mwongozaji mkuu, 12 hadi 15 kwa mpishi, 8 hadi 10 kwa kila mpagazi. Usikabidhi bahasha moja kwa mtu mmoja. Omba orodha ya majina yote siku ya kwanza pale Londorosi, mlinganishe na watu waliopo Mweka, kisha usome kiasi cha kila kazi kwa sauti mbele ya kikosi kizima, kwa Kiswahili, kabla fedha hazijatoka mfukoni.