Majitu ni ya kupendeza, alama za njia ni za kukutia wazimu

Nimetoka kutembelea msitu wenye sanamu za majitu ya mbao, na nianze na nguzo ya njia panda ya tatu, maana ndiyo iliyoharibu kila kitu. Ni nguzo ya mbao inayokufika kiunoni, imepakwa rangi ya manjano upande mmoja tu, ule unaomtazama mtu anayetoka getini. Anayekuja kutoka upande wa pili anaona gogo lililosimama, basi. Vijia vitatu, hakuna mshale, hakuna namba, na ramani ya pekee ni ubao mkubwa ulioachwa getini, mwendo wa nusu saa nyuma yako. Na ubao wenyewe hauonyeshi kaskazini ni wapi wala msomaji amesimama wapi.

Nilipolisema hilo majuzi wakati wa kutoka, mhudumu wa getini hakuinua hata macho kwenye simu yake: "Mbona wenzako wanafika?"

Wanafika, ndiyo. Wanafika kwa kukata vichakani, na hasara yake nitaieleza. Ila kwanza nimjibu. Appalachian Trail ya Marekani ina urefu wa zaidi ya kilomita 3,500, na mtu anaweza kuifuata yote kwa mistari myeupe iliyopakwa kwenye miti, upana inchi 2 na urefu inchi 6, kwa anayekwenda na kwa anayerudi. Akikuta mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, anajua njia inageuka hapo mbele, afungue macho. Ni rangi na brashi tu! Njia ya miezi kadhaa imeweza, msitu wa saa mbili umeshindwa?

Kanuni zenyewe si siri. Alama iwe usawa wa macho, si kiunoni, kwa sababu mvua chache zikinyesha majani yanapanda na kuifunika. Iwepo moja kabla ya njia panda na nyingine hatua kumi na tano hivi baada yake, ya kumhakikishia mtu kwamba hajakosea. Ipakwe pande zote mbili. Hata kama mzunguko umepangwa utembelewe upande mmoja, kila siku yupo atakayegeuza: mtoto amechoka, wingu limetanda, mtu amesahau chupa ya maji kwenye benchi. Huyo akigeuka nyuma hapa, msitu wote unakuwa mgeni kwake.

Atakayesema nakuza jambo dogo hajui sanamu hizi zinavyopangwa. Jitu la msituni lina uso na lina mlango wake wa kulifikia. Linawekwa nyuma ya kona ili ulione kwa ghafla, kwanza goti, kisha mkono, kisha macho yanayokutazama. Thomas Dambo, Mdenmark anayejulikana kwa majitu ya mbao, mwaka 2016 aliweka sita pembezoni mwa Copenhagen, yote ya mbao zilizokwisha kutumika, akiyaficha makusudi ili watu wafike sehemu wasizozizoea. Kwenye bustani ya Bomarzo kule Italia, ya karne ya 16, mgeni huzunguka kati ya mazimwi yaliyochongwa kwenye miamba hadi anapokutana na mdomo mkubwa ulioachama, na ndani yake kuna meza ya mawe. Huko unapotea kwa sababu mtu alikaa akapanga upotee. Hapa unapotea kwa sababu mtu alikuwa mvivu kuzunguka nguzo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini sharti kwanza ulione lilipo.

Matokeo yake, jitu kubwa kuliko yote nililifikia kwa kisogo. Badala ya uso nikapewa vichwa vya skrubu na mabaki ya paleti.

Sasa niseme ukweli unaoniuma: kisogo kile ndicho kitu bora kuliko vyote humo ndani. Kwa mbele ni jitu zuri limeketi, watoto wanapita katikati ya miguu. Kwa nyuma unaona kazi. Kuna boriti nene za uti wa mgongo, kuna mbavu zilizopindishwa, na juu yake ngozi ya vipande vifupi vinavyopishana kama vigae, ili maji yateremke nje yasiingie kifuani. Nywele ni matawi yaliyochomekwa yakielekea chini, maana likielekea juu kila tawi linageuka mfereji. Mbao huoza kwanza pale zinapogusa udongo na kwenye ncha zilizokatwa, kwa kuwa ncha hunyonya maji upesi kuliko ubavu. Fundi huyu analijua hilo. Amelikalisha jitu juu ya mawe, na ncha nyingi amezificha chini ya kipande kinachofuata. Hapo nilikuwa tayari kusamehe hata nguzo.

Halafu ukaangalia chini. Kuzunguka jitu, ardhi ni ngumu kama sakafu na majani hayaoti. Hao ndio "wenzako wanaofika". Wakikosa alama huona kichwa kwa mbali wakakata moja kwa moja, na kila anayekata anamwachia mwenzake njia. Mizizi midogo inayoulisha mti iko karibu na uso wa ardhi, sehemu kubwa ndani ya sentimita 30 za juu. Udongo ukikanyagwa ukashikana, hewa na maji havipiti, na mti unaanza kukauka kutoka ncha za matawi. Mvua ikinyesha maji yanatuama, watu wanakwepa tope kwa pembeni, kijia kinapanuka. Breckenridge, Colorado, walilibomoa jitu la Dambo mwaka 2018 kwa sababu ya wingi wa watu kwenye njia iliyopakana na nyumba za wakazi, na mwaka uliofuata likajengwa upya mahali pengine. Jitu halikuwa na kosa, mahali na njia ndivyo vilivyoshindwa. Hawa wetu wana mahali pazuri na bado wanashindwa na kopo la rangi.

Ukienda, piga picha ubao wa getini kabla ya hatua ya kwanza. Kila njia panda, geuka nyuma upige picha ya ulikotoka, kwa kuwa ndiyo sura utakayoikuta wakati wa kurudi. Usiamini ule muda ulioandikwa, dakika 40. Kwa hesabu ya kawaida ya watembeaji, saa moja kwa kilomita 5 na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda, mzunguko huu wa kilomita 4 wenye kupanda mita 150 ni dakika 48 na nyingine 15, bila kusimama popote. Ukiwa na watoto, zidisha mara mbili. Daraja la mbao kwenye kinamasi linateleza, hawakupigilia wavu wa kuku juu yake. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, ndipo penye boriti chini na mbao hainesi. Picha ya jitu usiipige ukiwa miguuni pake, kichwa kitatoka kama embe. Rudi nyuma, vuta kidogo, na mtu wako asimame karibu na kiatu cha jitu, si karibu na simu, ukubwa wake uonekane. Na watoto wasipande magoti. Skrubu zimeanza kulegea hapo, na zikilegea maji yanaingia tunduni.

Nyota: nilikuja na moja mkononi. Nikilikumbuka lile jitu nasema nne, hata tano, maana sijaona mbavu za mbao zilizopindishwa vizuri namna ile. Nikimkumbuka wa getini narudi kwenye mbili. Basi weka tatu. Hapana, mbili na nusu, na nusu ikombolewe siku ile nguzo ya tatu itakapopakwa rangi upande wa pili. Mimi nitarudi kiangazi, kinamasi kikishakauka, na safari hii nitaanza na kisogo kwa makusudi.