Nimetumia unga wa "kuotesha meno" kwa miezi miwili, kisha nikaenda kwa daktari

Unga wenyewe niliununua mwezi wa tano hapa Katuba, Lubumbashi, kutoka kwa kijana anayepita nyumba kwa nyumba na kapu. Kopo dogo, faranga 12,000. "Mama, jino linaota upya kama ukucha," aliniambia. Nilikuwa na tundu kubwa kwenye gego la chini upande wa kulia, na jingine dogo kwenye gego la jirani yake. Karatasi iliyobandikwa ilitaja maganda ya mayai, karafuu na mizizi isiyo na jina. Sikubishana bei. Siku zile nilikuwa nalala kwa ubavu mmoja tu.

Haki yake niitoe kwanza: maumivu yalipungua siku ileile. Nikitia unga kidogo ndani ya tundu, baada ya dakika chache napata usingizi. Nikawasifia majirani, nikanunua kopo la pili. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu wawili kati yao walikwenda kununua kwa neno langu.

Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, ile ya asubuhi ambayo hata hewa ukiivuta inachoma, jino likaanza tena. Maji ya mtungi yakiligusa, linauma, na uchungu unabaki muda mrefu baada ya kumeza. Usiku likaniamsha. Halafu mwanzoni mwa mwezi wa saba likanyamaza kabisa. Nikamwambia mdogo wangu kwamba tundu limefunga. "Yaya, fungua kinywa nione," akasema, akamulika na simu. Tundu lilikuwepo, tena limepanuka. Siku ya kumi shavu likavimba.

Daktari wa meno niliyemwona mjini alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno machache. Kabla ya kugusa jino aliuliza kama nina homa, kama nameza vizuri, kama napumua bila shida na kama kinywa kinafunguka chote. Akasema uvimbe unaokuja na mojawapo ya hayo haungojei asubuhi, mtu apelekwe hospitali usikuusiku. Mimi sikuwa na hata moja. Alitoa usaha, akanichoma sindano ya ganzi, akaling'oa lile gego. Kusafisha mizizi na kuiziba kungewezekana kama ningekuja mapema, lakini juu ya ufizi hapakubaki jino la kujengea.

Nilimwonyesha kopo. Alinusa tu akajua: karafuu ina mafuta yanayotia ganzi kwenye mshipa. Nilichoona ni dawa kilikuwa kuzibwa masikio tu, uozo ukiendelea kuchimba. Na ule ukimya wa mwezi wa saba ulikuwa mshipa wa jino umekufa.

Kuhusu kuota upya, nilimbana sana, maana nilitaka jibu la moja kwa moja. Tabaka gumu la nje, enameli, halina chembe hai. Chembe zilizolitengeneza hutoweka jino likishatokeza, kwa hiyo kilichovunjika au kutoboka hapo hakina fundi wa kukirudisha. Ukucha una mzizi hai, enameli haina. Kinachoweza kurudi ni madini. Kabla tundu halijatokea, jino huonyesha doa jeupe lisilong'aa. Hapo asidi imeanza kunyonya madini lakini uso bado mzima. Mate yana kalisi na fosfati, na floraidi ikiwepo huyasaidia kurudi. Doa likishakuwa tundu, njia hiyo imefungwa.

Gego la pili alilitibu wiki iliyofuata, na hapa huduma yake naisifu kwa moyo wote. Umeme ulikatika nikiwa kitini. Hakunirudisha nyumbani. Alichukua vyombo vya mkono, akakwangua sehemu iliyooza polepole, akaziba kwa saruji ya meno ya glasi ayonoma, ambayo yenyewe hutoa floraidi. Njia hiyo ilibuniwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya sehemu zisizo na umeme. Saruji hiyo na dawa ya meno yenye floraidi vyote viliingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Nililipa dola 15 kwa kuziba, 20 kwa kung'oa. Kungoja kwenye benchi kulinichosha, karibu saa tatu, na hapakuwa na maji ya kunywa.

Nilimpeleka pia binti yangu wa miaka saba. Magego yake ya kwanza ya ukubwani yalitokea nyuma ya meno ya utotoni bila jino lolote kung'oka, nami nilidhani ni ya utotoni, yatabadilika. Mawili yana madoa meupe. Sasa anapiga mswaki mara mbili kwa dawa ya kawaida ya dukani, iliyoandikwa floraidi kati ya ppm 1000 na 1500 (sehemu kwa milioni) kwenye tyubu, anatema bila kusukutua, na soda tumeihamishia saa ya chakula. Ukaguzi wa mwisho, madoa hayajatoboka.

Watu wananitumia habari za Japani. Ni kweli, mwaka 2024 Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto ilianza kujaribu kwa wanaume wenye pengo dawa inayozuia protini iitwayo USAG-1, ile inayozuia meno kuota. Lakini hilo ni jino jipya mahali pa pengo, si kujaza tundu, na bado ni jaribio. Mwenye kapu hana dawa hiyo.

Unga ule siwezi kuupa alama hata moja. Wale majirani wawili nimewaendea mwenyewe. Mmoja ana tundu dogo ambalo baridi hulichoma na kupita mara moja. Jumanne tunakwenda pamoja kabla halijaanza kumwamsha usiku.